Shemeji na Koki ya Jikoni

Dar es Salaam haina uhaba wa mafundi. Uhaba uliopo ni wa watu wasio mafundi. Panda mwendokasi pale Kimara, utaje kwa sauti kwamba koki yako inavuja. Kabla hujafika Ubungo utakuwa umeshapewa dawa chungu nzima, na mmoja wa waganga hao kwake hana hata bomba.

Kwetu sisi mganga ni shemeji, mdogo wake mume wangu. Ni mtu mwema, mkono wake mwepesi kutoa, na ana spana. Hiyo spana ndiyo tatizo.

Koki ya jikoni ilianza kudondosha tone mojamoja. Kwenye koki hizi za kizamani za kuzungusha, mara nyingi mgonjwa ni washa, kile kiduara cha mpira kilichokaa ndani kabisa. Kikilika, maji yanapita pembeni. Kukaza koki kwa nguvu hakukiponyi, kunazidi kukisaga. Washa ya nusu inchi utaipata duka lolote la vifaa vya ujenzi, kwa bei isiyofika ya soda. Shemeji akasema washa ni maneno ya mafundi ya kutafutia hela.

Tumtendee haki: alianza kwa kwenda kufunga koki ya mita kule getini, akarudi anajipangusa mikono kama daktari anayeingia kupasua. Lakini nyumba nyingi za huku, kwa sababu ya mgao wa maji, zina tanki juu ya mnara. Maji ya mita yanapanda tankini, ya tankini yanashuka jikoni. Ukifunga mita umezuia yanayokuja tu. Zile lita 2,000 zilizokwisha kupanda hazina habari na wewe.

Kichwa cha koki kilipofunguka, maji yakamvaa kifuani. Akaziba tundu kwa kidole gumba, yakahamia usoni.

"Shemeji, leta kitambaa!"

"Shemeji, koki ya tanki umefunga?"

"Tanki lipi?"

Mume wangu akatoka mbio kuelekea mnarani. Koki ya chini ya tanki haikuwa imeguswa tangu siku tanki lilipopandishwa, na chuma kikikaa bila kuguswa kinaganda. Ikagoma. (Ya kwako izungushe mara mojamoja, ifunge na uifungue, hata kama huna shida nayo. Siku ya shida si siku ya kuanza kufahamiana.) Aliyetuokoa ni mama mkwe, mwenye miaka yake sabini na ushei na magoti yanayouma. Alitoka stoo na gunzi la mahindi, akalichomeka kwenye tundu, akaligonga kwa mchi wa kinu. Maji yakakatika. Akamwangalia mwanawe wa mwisho kwa kitambo, asiseme neno, akarudi kukaa kwenye mkeka wake.

Wakati huo wali wa nazi ulikuwa unaungua, kwa sababu jiko zima lilikuwa vitani. Shemeji, akiwa bado anachuruzika, akashika mwiko ili akoroge, eti harufu itawanyike. Na kweli ingetawanyika: hadi kwenye kila punje. Wali ukiungua, usiukoroge wala usiukwangue. Epua, pakua wa juu taratibu uhamishie chombo kingine, ule wa chini uache na sufuria yake. Ukoko wa rangi ya dhahabu ni wa kugombaniwa na watoto. Mweusi ni mkaa, na mkaa tunao wa kutosha.

Maharage nayo chumvi ilizidi. Hapo shemeji akatumbukiza kiazi, dawa ambayo nchi nzima inaiamini. Kiazi hunywa mchuzi pamoja na chumvi yake, kwa hiyo unaobaki sufuriani una ukali uleule, ila umepungua. Tulichovuna ni kiazi cha chumvi. Mama mkwe akaongeza tui jepesi lisilo na chumvi na maharage mengine yaliyokuwa yamechemshwa, na mboga ikalika.

Ungedhani yangeishia hapo. Lakini maji ya siku ile yalitoka hadi uani, ukoka ukanawiri, na shemeji akapata wazo kwamba ukoka ulikuwa na njaa. Jumamosi iliyofuata akaja na mfuko wa urea. Urea ni naitrojeni asilimia 46, kitu kikali, cha kunyunyiza kidogo jioni au asubuhi kisha kumwagilia maji hapohapo. Yeye aliitupa kwa viganja, jua la utosini, bila tone la maji. Sehemu ikapaa hewani na kutuletea harufu ya choo cha stendi, iliyobaki ikayachoma majani. Mpaka leo unaweza kufuata alikopita kwa michirizi ya kahawia: alianzia mwembeni, akasimama kuzungumza na simu, akamalizia kwenye kamba ya kuanikia nguo. Alikuja pia na fyekeo akitaka kuyanyoa majani hadi udongoni. Tulilificha. Ukoka ukiukata zaidi ya theluthi ya urefu wake kwa mara moja unadhoofika, na magugu yanapata uwanja. Hata hivyo siuhofii sana, kwa kuwa una mashina yanayotambaa chini ya ardhi na utachipua tena mvua zikija. Mmea ule hauuawi na mtu wa aina ya shemeji.

Ninachohofia ni soketi ya friji. Tangu juzi inatoa cheche, na mtoto kwa kiherehere chake ameshampigia simu baba mdogo kumweleza. Tumezima swichi kuu na kufunga stoo yenye ngazi. Msomaji, kama unamfahamu fundi umeme mwenye leseni ya EWURA anayeweza kufika Kimara kabla ya Jumamosi, tafadhali mwambie aje. Nauli nitalipa mimi.