Sifa za Kusita Mbele ya Kisanduku cha Distosheni

Miongoni mwa hali za nafsi ambazo watu huzilaani bila kuzipa nafasi ya kujitetea, hakuna iliyodhulumiwa kuliko ile inayompata mpiga gita la umeme anayetaka kununua kisanduku kipya cha distosheni na asikinunue, akaahirisha hadi mwisho wa mwezi, akarudi kukitazama, akakilinganisha na kingine kinachofanana nacho kwa kila kitu isipokuwa rangi, kisha akalala akiwa hajaamua. Watu wa nyumbani kwake husema hana kazi, wenzake wa bendi humwita bahili, na muuza duka, ambaye amekwisha kumwashia mitambo mara kadhaa bila kupokea hata senti, humwita kwa majina yasiyofaa kuchapishwa. Hata hivyo, hali hiyo ikipimwa kwa haki, itaonekana kwamba hakuna fadhila ya mwanamuziki inayozaa elimu nyingi kiasi hicho kwa gharama ndogo kiasi hicho.

Ni lazima kwanza kieleweke kitu chenyewe kinachomtia mtu katika kusita. Distosheni ni uharibifu wa sauti unaofanywa kwa makusudi: umeme dhaifu unaotoka kwenye sumaku za gita, ambazo hunasa mtetemo wa nyuzi, hukuzwa kupita kiwango ambacho saketi inaweza kukihimili, ndipo vilele vya mawimbi yake vinapokatwa, na katika kukatwa huko huzaliwa sauti za juu ambazo wimbi la awali halikuwa nazo, zile ambazo sikio huzipokea kama ukali, utamu au kero, kutegemea umri wa msikilizaji. Kifaa kinachokata kwa upole, kikiviringisha vilele badala ya kuvifyeka, huitwa ovadraivu. Kinachovifyeka huitwa distosheni kwa maana yake finyu. Na kinachokata mpaka wimbi likakaribia umbo la mraba huitwa fazi. Kazi ya kukata mara nyingi huachiwa dayodi, vipande vidogo vinavyopitisha umeme upande mmoja tu, ambavyo vikiwa vya silikoni huanza kuupitisha kwenye kiasi cha volti 0.6, na vikiwa vya gerimani, elementi iliyotumika katika transista za mwanzo, kwenye kiasi cha volti 0.3. Juu ya tofauti hiyo ya sehemu tatu za kumi za volti moja imejengwa biashara kubwa, na usingizi wa watu wengi umepotelea hapo hapo.

Mwenye kusita hupata fursa ya kujua jambo ambalo mnunuzi wa haraka hana muda nalo, yaani kwamba sauti anayotaka kuilipia ilianza ikiwa kasoro isiyouzwa na mtu yeyote. Wimbo "Rocket 88" ulirekodiwa Memphis mwaka 1951 huku Willie Kizart akitumia amplifaya iliyoharibika ambayo, kama inavyosimuliwa, ilishindiliwa karatasi ili ifae kwa siku hiyo. Link Wray alitoboa spika zake kwa penseli ili kupata sauti ya "Rumble" ya mwaka 1958, na Dave Davies wa kundi la Kinks akachana koni ya spika yake kwa wembe kabla ya wimbo uliolipa kundi hilo jina mwaka 1964. Kisa cha Nashville ndicho chenye mafunzo zaidi: katika kurekodi wimbo "Don't Worry" wa Marty Robbins, uliotoka mwaka 1961, besi ya Grady Martin ilipita katika njia mbovu ya mitambo ya studio ikatoka inakoroma, na fundi Glenn Snoddy, badala ya kuona haya, akabuni saketi ya transista iliyouiga ubovu huo, ambayo kampuni ya Gibson iliiingiza sokoni mwaka 1962 kwa jina la Maestro Fuzz-Tone. Wanunuzi waliisitia. Waliisitia hadi mwaka 1965, Keith Richards wa Rolling Stones alipoitumia katika "(I Can't Get No) Satisfaction", na ndipo maduka yalipoishiwa. Wapo watakaosema kwamba miaka ile mitatu ilikuwa ya upofu, lakini ni kweli pia kwamba aliyenunua mwaka 1962 alikaa na jibu la swali ambalo hakuna wimbo uliokuwa umeliuliza.

Inafaa kukumbuka hapa kwamba Wagogo wa Dodoma, ambao hupenda ilimba, yaani marimba ya vidole gumba, iwe na mvumo ndani ya noti zake, hufunika tundu la ala hiyo kwa utando wa buibui unaotetemeka pamoja na sauti. Na fundi huyo mwenye miguu minane hajawahi kutoa toleo la maadhimisho, wala kulipandisha bei.

Sasa itazamwe elimu yenyewe. Anayenunua hujua kisanduku kimoja, tena kwa wiki mbili, ilhali anayesita huvijua vyote. Atajua kwamba Tube Screamer ya Ibanez hutegemea chipu ya 4558 na kwamba RAT, iliyozaliwa Kalamazoo katika jimbo la Michigan, ilijipatia sifa kwa chipu ya LM308, ambayo uzito wake wa kufuata mawimbi ya kasi, kasoro katika kazi nyingine, ndio ulioipa utamu. Atajua kwamba Fuzz Face ya London ya mwaka 1966, aliyoikanyaga sana Jimi Hendrix, ilianza na transista za gerimani ambazo hubadilika tabia joto linapopanda, na kwa hiyo atakuwa mpiga gita wa kwanza mtaani kwake kufuatilia utabiri wa hali ya hewa kwa sababu za kisanaa.

Mnara mkuu wa kusita ni Klon Centaur. Kisanduku hicho kilianza kuuzwa mwaka 1994 na Bill Finnegan wa Massachusetts, ambaye alitengeneza takribani 8,000 tu na kuifunika saketi yake kwa gundi ngumu nyeusi ili isisomwe, kisha akaacha. Leo vile vya zamani huuzwa kwa maelfu ya dola za Marekani. Wenye subira waliigandua gundi, wakaichora saketi, na sasa nakala zake hupatikana kwa bei isiyofika dola 100, na tofauti yake na ile ya asili hugombaniwa na watu ambao wengi wao hawajapata kuishika ile ya asili. Mpinzani atadai kwamba aliyesita zamani, kisanduku kilipouzwa kwa mamia tu, alipoteza faida kubwa; lakini aliyekinunua kwa nia ya kukikanyaga kwa kiatu jukwaani hana faida ya kujivunia, na aliyekinunua ili kukifungia kabatini si mpiga gita bali ni benki.

Zaidi ya hayo, kusita kuna msingi katika maumbile ya sikio. Vifaa viwili vikilinganishwa, kile chenye sauti kubwa kidogo huonekana bora, hata kama tofauti nyingine haipo, na kile kilichovuma dukani kwenye amplifaya kubwa hunyong'onyea chumbani usiku kwenye amplifaya ndogo. Ushahidi, basi, haukamiliki kamwe, na kila uamuzi ni wa pupa. Mwenye kusita anajua vilevile kwamba kisanduku alichonacho kina vitufe vitatu ambavyo havijahamishwa tangu kinunuliwe, kwamba kitufe cha sauti kilichomo kwenye gita lenyewe kikipunguzwa hulainisha distosheni yote, na kwamba nyuzi zake zina kutu. Anayajua hayo barabara, naye huyanyamazia kwa busara, kwa sababu yakitajwa swali litakufa.

Lawama inayobaki ni kwamba muda wa kusita ungetosha kufanyia mazoezi. Ni kweli, na majirani wanaombwa washuhudie upande gani wa hoja hii ulio na huruma zaidi.

Hata yule anayeshindwa hatimaye na akanunua hatupwi nje ya fadhila hii. Kisanduku kipya kikifika sakafuni ni lazima kipangwe pamoja na vya zamani, kwa kuwa fazi ikitangulia ovadraivu hutoa sauti moja na ikiifuata hutoa nyingine. Visanduku viwili vina mipangilio 2, vitatu vina 6, vinne vina 24, na vitano vina 120, ambayo kila mmoja wastahili usiku wake, kabla swali la betri au adapta halijaguswa.