Namna ya Kuishi na Sukari Bila Kupunguza Hata Tonge

Pole, mwenzangu, na hongera. Umepimwa, umeambiwa una kisukari, na daktari ameongeza kwamba uzito nao ushuke. Umerudi Mutuka, Babati, na kadi ya kliniki, vidonge vya metformini, na karatasi ya vyakula ambayo umeikunja mara nne na kuitia mfuko wa nyuma. Iache huko huko.

Usijione una mkosi. Mko wengi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta kwamba kati ya kila Watanzania 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64, kama 9 wana sukari. Miaka ya 1980, Donald McLarty wa Muhimbili na wenzake walipokwenda kupima vijijini, hawakupata hata mmoja kamili kwa kila mia. Kwa hiyo tumepiga hatua, na si vizuri mkazi wa mji wa Babati kuachwa nyuma.

Fuata maelekezo haya. Utaonekana mgonjwa mtiifu kuliko wote kwenye benchi la kliniki, na suruali zako hazitapelekwa kwa fundi kupunguzwa.

1. Kilinde kitambi

Mwenye kitambi hukopeshwa dukani bila maswali. Kwenye vikao vya harusi hupewa uenyekiti kabla hajafungua mdomo. Sasa pungua kilo tano uone. Kijiweni wataanza: "Mzee, vipi, kwema kweli?" Shemeji atapiga simu kumuuliza mkeo kama kazini kuna matatizo. Ifikapo Jumapili, jumuiya nzima inakuombea, na wapo wanaojua kabisa unaumwa nini, ingawa hawajakuuliza.

Ndiyo maana lazima uzime uvumi unaotoka Uingereza. Mwaka 2017, Roy Taylor wa Newcastle na Mike Lean wa Glasgow walitangaza matokeo ya wagonjwa waliogunduliwa kuwa na kisukari ndani ya miaka sita iliyotangulia, ambao walisimamiwa kupunguza uzito. Baada ya mwaka mmoja, karibu nusu yao sukari ilikuwa imeshuka chini ya kiwango cha ugonjwa, bila dawa. Waliopungua kilo 15 au zaidi, 86 kati ya kila 100 walifika huko. Wanasema mafuta yaliyojazana kwenye ini na kongosho yakitoka, kongosho linaweza kurudi kazini. Habari hizi zisimfikie mkeo.

2. Jenga sahani kwenda juu

Wataalamu wa lishe hupenda kuchora sahani: nusu mboga za majani, robo wanga, robo nyama au maharage. Tatizo lao wanaitazama kwa juu tu. Wewe jenga ghorofa. Chini kabisa tandaza ugali hadi ukingoni, ukandamize kwa mwiko ushikane. Juu yake funika mnafu wote, usiache hata ufa mweupe. Juu ya mnafu mlaze perege mmoja wa Ziwa Babati, kichwa kikielekea kwa wageni. Atakayepita mlangoni ataona mboga na samaki, na atakwenda kusimulia jinsi ulivyojirekebisha.

Wakikukazia, hamia dona. Ni kweli lina nyuzinyuzi zinazochelewesha sukari kuingia kwenye damu, lakini wanga wake bado ni wanga. Hilo lisikusumbue. Ukishatamka neno "dona", hakuna atakayethubutu kukuuliza ni kiasi gani.

Mchele wa Magugu una utaratibu wake. Ule ukinukia hauhesabiwi kama wali. Unakula kwa kuiunga mkono wilaya.

3. Kataa sukari kwa sauti

Ingia mgahawani, vuta kiti, agiza watu wakisikia: "Dada, ya kwangu bila sukari!" Sauti ifike jikoni. Baada ya tangazo hilo umejipatia haki ya maandazi matatu na chapati, maana kikombe kimeshakusafisha.

Asali ihesabu kama dawa. Juisi ya miwa ihesabu kama mboga, kwa kuwa imetoka shambani. Soda ndiyo yenye ushahidi mbaya: chupa ya mililita 350 ina sukari inayokaribia vijiko 9 vya chai. Ungemwona mtu anachota vijiko 9 kwenye kikombe kimoja, ungemnyang'anya bakuli. Ikiwa kwenye chupa hakuna anayeona, na wewe usiwe wa kwanza.

4. Jifunze kutamka "nahisi imeshuka"

Hii ndiyo zawadi kubwa ya ugonjwa huu, na wengi wanaipoteza. Sukari kushuka ni jambo la kweli na la hatari, hasa kwa anayetumia insulini au baadhi ya vidonge: ikifika chini ya 4 kwenye kipimo (milimoli kwa lita), mtu hutetemeka, hutokwa jasho, hata kupoteza fahamu. Tiba yake ni vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye maji, kusubiri dakika 15, kisha kupima tena.

Wewe tumia kipengele cha kwanza tu. Keki ikikatwa, shika meza, fumba macho kidogo, sema, "Jamani, nahisi imeshuka." Utaletewa kipande cha bwana harusi. Wala usipime, kipimo kinaweza kusema 14, na shughuli ya watu itaharibika.

5. Fanya mazoezi mahali penye watu

Nunua raba nyeupe na traki suti yenye mistari. Saa kumi na mbili asubuhi toka nyumbani, pita mbele ya duka, pita mbele ya kanisa, pungia watu. "Shikamoo mzee, naona mazoezi!" Itikia huku ukihema. Ukishapita kona, panda bodaboda hadi kwenye supu. Kabla ya kuketi piga picha ukiupa mgongo Mlima Kwaraa, weka stetasi: "Afya kwanza." Mlima hautasema kama uliupanda.

Usithubutu kutembea kweli. Mwaka 2002 Wamarekani walichapisha utafiti wa watu waliokuwa wakikaribia kupata kisukari. Waliolenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki walipunguza hatari ya kuugua kwa asilimia 58. Waliopewa metformini walipunguza kwa asilimia 31. Kwa maneno mengine, raba zilivishinda vidonge, na raba unazo. Hii ni hatari.

6. Subiri kikombe kingine

Mwaka 2011 hatukuwa na shida zote hizi. Barabara ya kwenda Samunge, Loliondo, ilijaa magari, na Mchungaji Ambilikile Mwasapile akatoa kikombe chake cha dawa kwa shilingi 500. Kisukari kilikuwamo kwenye orodha ya yanayopona. Watu walikunywa, wakarudi wakiwa na imani tele, na wapo walioacha dawa zao siku hiyo hiyo. Sukari yenyewe haikuwa imepewa taarifa.

Babu huyo wa Loliondo alifariki mwaka 2021, lakini usikate tamaa, stendi hazikosi muuza mizizi mwenye kipaza sauti. Kanuni ni moja: dawa ya hospitali ichunguze sana, soma madhara yake yote, iogope. Ya chupa isiyo na lebo kunywa bila swali, maana ni ya asili.

7. Iandae siku ya kliniki

Tuseme kliniki ni Jumatano. Jumatatu jioni geuka mtawa. Jumanne kula mchicha na maji, vidonge ulivyokuwa ukivisahau vikumbuke vyote, lala mapema. Jumatano asubuhi nenda na njaa. Kwenye mzani vua viatu, mkanda, saa na koti. Simu mbili na funguo mpe jirani akushikie. Toa pumzi yote kabla mshale haujatulia, kana kwamba pumzi nayo ina kilo.

Kisha nyoosha kidole. Sista atatoboa, tone litaingia kwenye kijiti, mashine itasoma 6.2. Hujala, na uko chini ya 7. "Baba, safi sana, uendelee hivyo hivyo," atasema na kuandika kwenye kadi. Endelea hivyo hivyo hadi getini, kisha agiza mbuzi nusu kilo na ndizi za kukaanga.

Adui wako ni mmoja tu: kipimo kinachoitwa HbA1c, ambacho wengine hukiita cha miezi mitatu. Sukari ikizidi kwenye damu hunata kwenye hemoglobini iliyomo ndani ya chembe nyekundu, na chembe hizo huishi siku zipatazo 120. Kipimo hiki hakijali ulichokula jana. Kinauliza Pasaka uliila vipi. Kikisoma asilimia 9 mbele ya ile 6.2 yako ya kidole, daktari atakutazama bila kusema kitu, nawe utaanza kueleza habari za msiba.

Hapo ndipo utakapoona udhaifu wa mwongozo wangu. Jirani uliweza kumdanganya, sista ulimpata, shemeji alikusifu. Wote hao walikuwa watazamaji. Damu haikuwa ukumbini, ilikuwa jikoni, ikipokea kila kilichoshuka.

8. Usitazame nyayo

Miguu ikifa ganzi kwa sababu ya sukari, shukuru: unaweza kukanyaga msumari mdogo na kuendelea na safari. Kidonda kisichouma hakina haraka. Kitasubiri mpaka wengine ndani ya nyumba wasikie harufu.

Mambo yanayoweza kukuharibia

Nakutajia uyakwepe. Kupunguza ugali kwa nusu na kujaza nafasi kwa mboga, bila kumtangazia mtu. Kutembea dakika 30 kwa siku tano za wiki, hata ukiwa umevaa katambuga. Kumeza vidonge Alhamisi kama ulivyovimeza Jumanne. Kukagua nyayo kila jioni, kwa kioo kama kuinama kumekuwa kazi. Kumwambia daktari, "Nilifunga siku mbili ili nikufurahishe, naomba nipimwe cha miezi mitatu." Kwenda kliniki na mwenzi wako, ambaye anajua ghorofa ile ilivyojengwa.

Ukiteleza ukayafanya hayo, suruali zitalegea, na kijiweni watakuuliza kwa huruma kama unaumwa. Wajibu ukweli: "Ndiyo, naumwa sukari, najitibu." Wataishiwa maneno, na uenyekiti wa kikao atapewa mwingine mwenye kitambi. Huyo mpe mwongozo huu. Wewe hautakufaa tena.