Sifa za Barafu Nyeusi

Theluji imeshasifiwa vya kutosha. Hupigwa picha na kurushwa Morogoro kwa simu, na watoto huifinyanga ikawa mtu mwenye pua ya karoti. Hata magreda yanayoikwangua yana heshima zake: mwaka 2021 wananchi wa jimbo la Minnesota hapa Marekani walipiga kura kuyapa majina, na jina lililoongoza ni Plowy McPlowFace. Barafu nyeusi haijapigiwa kura wala picha. Itapigwaje picha na haionekani? Ni utando wa maji yaliyoganda juu ya lami, mwembamba na mwangavu, hata unachokiona ni lami tupu. Katika nchi hii ya watu kujitangaza, sijaona mnyenyekevu wa kulingana nayo.

Anayetaka kuijua na asafiri Desemba kutoka Minneapolis kwenda Fargo kwa barabara kuu ya I-94, kilomita zipatazo 380, ambazo wakati wa joto humalizwa kwa saa tatu na nusu. Sisi tuna shangazi huko, na shangazi hatembelewi kwa kuangalia hali ya hewa.

Barafu hii haina upendeleo. Wenye gari linalosukumwa na magurudumu yote manne hutupita kwa kishindo, maana magurudumu manne husaidia kweli kuondoka. Kusimama ni habari nyingine. Hapo sote ni maskini. Mbele kidogo utamkuta bwana yule mtaroni, pua ya gari ikielekea Minneapolis alikotoka.

Isitoshe, ina elimu. Huanza na madaraja, kwa kuwa upepo wa baridi huyapiga juu na chini, ilhali barabara iliyolala ardhini hubaki na kijoto cha udongo. Hupenda siku za nyuzi sifuri, zile tunazozisifu kuwa baridi imepungua; ndipo huteleza kupita kiasi. Chumvi ikimwagwa hurudi nyuma, lakini baridi ikishuka kama nyuzi 10 chini ya sifuri chumvi nayo huishiwa nguvu, na hapo humwagwa mchanga. Baridi ikizidi zaidi, mvuke wa moshi wa magari huganda kwenye njia panda. Yaani ikikosekana tunaitengeneza wenyewe, kwa michango, kama harusi.

Lakini sifa yake kuu, kwa watu wa kwetu, ni kwamba imetusafishia jina. Marekani kuchelewa ni kosa la jinai, karibu. Ukisema foleni, hawakuamini. Ukisema mtoto, wanakuhurumia tu. Sema barafu nyeusi, na kila mtu anainamisha kichwa. Tulialikwa chakula cha mchana, tukafika watu wanapiga miayo, na tukapokewa kwa vigelegele kana kwamba tumetoka vitani. Njiani shangazi hakuacha kupiga simu.

“Mmefika wapi?”

“Alexandria, shangazi.”

“Bado Alexandria? Poleni, wanangu. Msikanyage breki ghafla. Pilau halikimbii.”

Mama huyu huyu, barabara ikiwa kavu, angetuuliza kama tumekuja kwa miguu.

Na kuondoka je? Baada ya Fergus Falls nchi hulala tambarare hadi Fargo, hakuna kilima cha kuzuia upepo, na dhoruba ikikaza mageti ya barabara kuu hushushwa. Hapo mgeni hana la kufanya ila kukaa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Fargo ya Desemba ardhi imeganda, jembe halizami hata kidogo, nasi tulishaanza kujipongeza. Shangazi akafikiri, akaingia gereji, akarudi na makoleo ya theluji.

“Anzieni hapo mlangoni. Na mwangalie mnapokanyaga, kuna barafu.”