Barua ya Wazi kwa Walinzi wa Kiapo cha Bendera

Kwa Makatibu Watendaji wa Sekta zote, Wilaya ya Rusizi, Mkoa wa Magharibi

Ndoa ya kiserikali nchini Rwanda hufungwa kwenye ofisi ya sekta. Wachumba husimama mbele ya gitifu (katibu mtendaji wa sekta), mkono wa kulia juu, wa kushoto ukishika bendera ya taifa, wakatamka kiapo. Mwalimu naye huapa vivyo hivyo akiajiriwa. Utaratibu huu unastahili pongezi: ni nadra kupata kipimo cha uaminifu kinachokunjika na kuhifadhiwa kabatini.

Kinachokisumbua kipimo hicho ni Mashahidi wa Yehova. Kodi wanalipa, bendera hawaishiki, kwa kuwa kwao kufanya hivyo ni kuabudu. Ripoti za uhuru wa dini zimetaja walimu walioachishwa kazi na wachumba waliokosa ofisa wa kuwafungisha ndoa. Baadhi wamekubali suluhu: Biblia iwekwe juu ya bendera, mkono juu ya Biblia. Jamhuri hubaki salama, ingawa uaminifu huifikia baada ya kupenya Mwanzo hadi Ufunuo.

Bendera yenyewe ni ya mwaka 2001. Waliotumikia ile ya awali, yenye herufi R, hawakuonekana kupungukiwa na utii ilipoteremshwa.

Nguvu ya bendera ina ushahidi Cyangugu, humo humo Rusizi. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, kambi ya jeshi ya hapo iliongozwa na Luteni Samuel Imanishimwe, ofisa wa jeshi la taifa, ambaye hakupungukiwa na bendera wala gwaride. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokaa Arusha, ilimtia hatiani kwa mauaji na utesaji, na rufaa ya 2006 ikambakizia kifungo cha miaka 12. Mwaka huohuo wa 1994, Mashahidi wa Yehova, Wahutu kwa Watutsi, walifichana majumbani na kukataa kushika panga. Kwa hesabu ya dini yao, takriban 400 waliuawa. Fomu ya ajira haina nafasi ya kujaza ukaidi wa namna hiyo.

Nchini Marekani, katikati ya vita mwaka 1943, Mahakama ya Juu iliamua kuwa mwanafunzi asilazimishwe kusalimu bendera. Vita Marekani ikashinda hata hivyo.

Ofisi za sekta zinaombwa kubandika ukutani, kando ya bendera, ibara ya 37 ya Katiba ya 2015, inayolinda uhuru wa dhamiri na dini. Gharama ni karatasi moja na pini mbili. Bajeti ya wilaya itahimili.