Kofia Ngumu, Kichwa Kigumu

Kwenye mjengo wa Eldas, Wajir, kofia ngumu haikai bila kazi. Hubebea misumari, hutekea maji ya kuchanganyia saruji, na saa ya chai hugeuzwa kiti. Gambuti nazo huhifadhi simu isipate vumbi, na glavu huepulia birika jikoni. Kwa hivyo anayedai mafundi wa huku hawatumii vifaa vya kujikinga anawasingizia. Wanavitumia kutwa, ila kinachokingwa si mwili. Watu hupenda kuulaumu ukaidi wa fundi. Mimi naona chanzo ni vifaa vinavyonunuliwa kwa ajili ya macho ya mkaguzi, si kwa ajili ya mvaaji.

Utetezi wa kwanza ni joto, na kweli Wajir nyuzi 35 hazimshangazi mtu. Lakini mchungaji wa ngamia hujifunga kilemba, mama hutoka na hijabu ndefu, na hakuna mwenye akili timamu anayetembea saa saba mchana kifua wazi. Watu wa nchi kame ndio wa mwisho kuhitaji kufundishwa kwamba mwili hufunikwa. Wanachokataa ni ovaroli nzito isiyopitisha jasho, iliyoshonewa nchi ya baridi, na kofia inayodondoka juu ya kilemba kila mtu anapoinama. Barakoa ya vumbi, hata iwe bora namna gani, haishiki penye ndevu. Na shavu lililojaa miraa halina nafasi ya mpangaji wa pili. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mfanyakazi avae anachopewa, lakini pia inamtaka mwajiri atoe kinachofaa. Gunia la kofia za saizi moja ni ushahidi wa manunuzi tu.

Utetezi wa pili ni tawakali: ajali ikiandikwa imeandikwa. Hapo tunajibiwa na hadithi mashuhuri ya Mtume, kwamba ngamia hufungwa kwanza, ndipo mtu akamtegemea Mungu. Ajabu ni kwamba fundi huyo ngamia wake humfunga kila usiku. Tawakali humjia pale tu anapoambiwa avae buti. Wala saruji mbichi haimsaidii kuamini, kwa kuwa huila ngozi polepole, na maumivu huja baada ya saa kadhaa, glavu zikiwa zimeshaonekana madoido. Utetezi wa tatu, gharama, ni wa kontrakta. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini, nayo ya 2007, inapima ulemavu wa kudumu kwa mapato ya miezi 96, yaani miaka 8 ya mshahara. Ukiiweka hesabu hiyo kando ya bei ya buti, buti ni sadaka. Na akisema kibarua wa siku hajui hata pa kudai fidia, basi huyo ndiye wa kuvishwa kwanza.

Dawa yenyewe haihitaji semina hotelini. Kazi ngumu ianze alfajiri, miguu ipimwe kabla ya viatu kuagizwa, na kontrakta aivae mwenyewe ovaroli anayotaka kuilipia, toka asubuhi hadi adhuhuri, juani, akipanga mawe. Kabla ya swala ya alasiri atakuwa ameshapiga simu Garissa kuulizia kitambaa chepesi.