Wadaiwa Sugu wa Imani: Muhadhara wa Bingwa

Mheshimiwa Mwenyekiti, wageni waalikwa, wanahabari (naiona kamera moja, nayo imeelekezwa kwenye vitafunwa), mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. Nimeombwa nizungumzie kuaminiana katika jamii, na namna wananchi walivyozipokea hatua za kujikinga na Uviko-19. Ratiba imenitaja kama "mtoa mada". Sitalikuza jambo hilo, ingawa mtoa mada ni mtu yeyote aliyewahi kusaini karatasi ya posho, ilhali mimi ni Bingwa wa Imani ya Umma, cheo nilichojitunuku baada ya kukosekana nchini mtu mwenye sifa za kunitunuku. Hoja yangu ni moja, nami nitaijenga kwa ushahidi ili hata waliokaa nyuma waifuate: imani ni deni. Mtaalamu ni mdai, mwananchi ni mdaiwa, na janga lilipobisha hodi lilitukuta na mamilioni ya wadaiwa sugu.

Mgonjwa wa kwanza Tanzania alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, Arusha. Kesho yake ikatoka amri ya kufunga shule. Haukupita muda mrefu daladala za Dar es Salaam zikawa zinabeba "level siti", yaani abiria waliokaa tu, na mbele ya magenge zikasimama ndoo za plastiki zenye koki, zimekalishwa juu ya stuli au kreti la soda, pembeni kipande cha sabuni ya mche kilichotobolewa katikati na kufungwa kamba. Naomba tuitazame kamba hiyo, kwa maana mtu wa kawaida ataona sabuni, bingwa anaona kamba. Jamii inayoifunga sabuni kamba ni jamii isiyoaminiana. Hiyo ni nadharia yangu, na nimeipa jina langu. Mwandishi wa kumbukumbu zangu ameandika pembeni kwamba muuza genge aliinunua ndoo kwa hela yake, kwamba wateja ndio waliokuwa wakiijaza maji, na kwamba wakati huo mimi nilikuwa bado naandaa andiko la kuombea fedha za mradi. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini hayana nadharia ndani yake.

Baada ya hapo daftari la deni likaanza kuchafuka. Mwishoni mwa Aprili serikali iliacha kutoa takwimu, na hesabu ya nchi ikaganda kwenye wagonjwa 509 na vifo 21 kwa zaidi ya mwaka. Tarehe 3 Mei, Rais Magufuli akaeleza kuwa sampuli za papai na mbuzi zilizopelekwa maabara kimyakimya zimekutwa na virusi. Mkuu wa maabara akasimamishwa kazi, na John Nkengasong, wakati huo mkuu wa Kituo cha Afrika cha Kudhibiti Magonjwa, akajibu kwamba vipimo havikuwa na kasoro. Mwezi huohuo ndege ikatumwa Madagascar kufuata dawa ya mitishamba. Juni tukaambiwa corona imekwisha. Januari 2021 Rais akasema chanjo hazifai, Februari Wizara ya Afya ikasema haina mpango wa kuzipokea, nyungu na tangawizi zikashika usukani, na waliougua wakawa na "changamoto ya upumuaji". Tarehe 28 Julai mwaka huo Rais mpya, Samia Suluhu Hassan, akachanjwa Ikulu mbele ya kamera. Katika hatua zote hizo msimamo wangu haukutetereka hata kidogo: nilikuwa upande wa aliyeshika kipaza sauti. Wapo watakaouliza, mwananchi aliyeambiwa Januari kwamba chanjo hazifai, na Julai kwamba ni salama, alipaswa kumwamini nani? Jibu ni jepesi. Alipaswa kuwaamini wote, kwa zamu, na kwa bidii ileile.

Pingamizi la pili linasema kwamba ukimficha mtu hesabu huna haki ya kumlaumu asipokuamini. Ni kweli kamati ya wataalamu iliyoundwa na Rais Samia ilipendekeza Mei 2021 takwimu zianze kutolewa tena. Mimi sikuwemo katika kamati hiyo, jambo linaloeleza upungufu wake. Lakini hata tukikubali kutoa takwimu, takwimu peke yake hazikusanyi deni, na hapo ndipo ninapowavulia kofia majirani zetu wa Kenya, ambako hesabu zilisomwa kila siku na rungu likafuata. Amri ya kutotoka nje usiku ilianza tarehe 27 Machi 2020. Jioni hiyo, saa ya amri haijafika, polisi waliwapiga abiria waliokuwa wakisubiri kivuko cha Likoni, Mombasa, wakawarushia na mabomu ya machozi. Lengo la amri lilikuwa watu wasisongamane. Moshi ukawasonga pamoja, wanakohoa, wanafikicha macho kwa mikono ambayo hawajanawa. Human Rights Watch iliripoti kwamba polisi waliua watu wasiopungua sita katika siku kumi za mwanzo. Hizo ni dosari za utekelezaji, nadharia bado imesimama. Miezi michache baadaye magazeti yakajaa habari za manunuzi ya vifaa vya Uviko katika KEMSA, shirika la serikali la kusambaza dawa, na Wakenya wakaanza kuulizana ni nani hasa anamdai nani. Swali hilo liko nje ya mada ya leo.

Nifike sasa kwenye ushahidi wa kimataifa. Mwaka 2019 ilitoka orodha ya utayari wa mataifa kukabili milipuko, Global Health Security Index. Marekani ilishika nafasi ya kwanza, Uingereza ya pili. Marekani imezika watu zaidi ya milioni moja kwa ugonjwa huu. Februari 2022 jarida la kitabibu la Lancet likachapisha uchunguzi wa nchi na maeneo 177, ukaonyesha kuwa alama za utayari hazikusaidia kutabiri nani ataambukizwa zaidi. Kilichoambatana na maambukizi machache ni watu kuiamini serikali yao, rushwa kuwa ndogo, na watu kuaminiana wao kwa wao. Makofi yangu yalikatika hapo mwisho, kwa kuwa hicho cha tatu kilionekana kuwa na uzito kuliko imani kwa serikali. Wao kwa wao! Jirani hana shahada, hajawahi kukaa meza kuu, hajui hata kuwasha projekta, halafu aonekane ana mchango mkubwa katika afya ya umma kuliko tamko lenye mhuri? Nimeusoma uchunguzi huo mwanzo hadi mwisho na nimeigundua kasoro yake: hakuna mahali watu waliulizwa kama wananiamini mimi.

Watetezi wa uchunguzi huo hupenda kuitaja Denmark, nchi ambayo watu wake huaminiana kiasi cha kutia mashaka, na ambayo iliondoa takriban masharti yote ya Uviko tarehe 1 Februari 2022. Hawasemi kwamba Novemba 2020 serikali ya huko iliagiza minki wote nchini wauawe, mamilioni ya wanyama hao wa manyoya wa ukoo wa kicheche, wagonjwa kwa wazima, kisha ikabainika agizo halikuwa na msingi wa kisheria kwa wale waliokuwa nje ya maeneo ya maambukizi. Na serikali ikafanya nini? Ikakiri. Ikaomba radhi, na waziri husika, Mogens Jensen, akajiuzulu. Mdai anaomba radhi kwa mdaiwa! Wananchi walikasirika, hata hivyo chanjo zilipofika walikwenda kuchanjwa kwa wingi. Nimejaribu kulieleza tukio hili kwa nadharia ya kamba na sabuni, na kwa sasa nimeliweka kando.

Pingamizi la mwisho linahusu chanjo, na ndilo linalonichosha. Dozi 1,058,400 za Johnson & Johnson zilifika Dar es Salaam tarehe 24 Julai 2021, katika nchi yenye watu wanaokaribia milioni 60, na bado zilichukua miezi kwisha. Mbunge wa Kawe wa wakati huo, ambaye pia ni askofu, alizipinga madhabahuni. Bunge likamsimamisha mikutano miwili. Niliiunga mkono adhabu hiyo nikitegemea foleni zirefuke, na hazikurefuka. Wenye historia hudai hofu ya sindano haikuanza jana, kwamba tangu enzi za mkoloni pwani na bara zilisimulia habari za mumiani wanyonya damu, na kwamba watu walioamriwa na kuchunguzwa bila kuulizwa wana sababu ya kuuliza. Historia si fani yangu, kwa hiyo haina umuhimu. Kilichotokea ni kwamba wahudumu wa afya waliingia mitaani, sokoni na nyumba kwa nyumba, viongozi wa dini na wa vijiji wakashirikishwa, na kufikia 2023 zaidi ya nusu ya watu wazima walikuwa wamechanjwa. Nimejaribu kuichambua mbinu yenyewe. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anafika, anajulikana ni mtoto wa nani, anakaribishwa mkekani, anasikiliza habari za ugumba na damu kuganda asimkatize mtu. Akiulizwa asilolijua anajibu, "Hilo silijui, mama, nitamuuliza daktari." Kesho yake anarudi na jibu.

Silijui! Mbele ya mteja! Kwa posho ambayo mimi nisingeisainia! Nimependekeza kwa maandishi wahudumu hao wapewe mafunzo ya siku tatu, hotelini, mkufunzi nikiwa mimi, ili tabia hiyo ikome.

Mheshimiwa Mwenyekiti, kikaratasi ulichonisogezea kinasema muda umekwisha, nami nimekipokea kama nilivyovipokea vile viwili vya mwanzo. Maswali yaandikwe, yakusanywe, yaletwe hapa mbele. Nitayapitia jioni na kuwajulisha yapi kati yake yalikuwa maswali.