Pointi ya Pole

Kandanda ya Australia ina milingoti minne kila upande. Ukipenyeza katikati, pointi 6. Ukikosa kidogo, unapewa 1 ya kukupa pole. Ajabu, mashabiki waliolelewa kwa huruma hiyo hawambakizii mwamuzi hata chembe. Tangu 2023 waamuzi wako wanne uwanjani, lakini shabiki wa klabu ya Collingwood aliye jukwaa la juu, mchuzi wa pai ukimchuruzika kiganjani, ndiye anayeona. Mpinzani akibanwa akiwa na mpira: “Kaung'ang'ania huyo!” Akibanwa wa kwake: “Jamani, hajapewa hata nafasi!”

Sasa jimbo la Tasmania limepewa timu ya 19 ya ligi, ianze 2028, mradi mji wake wa Hobart upate uwanja wenye paa. Melbourne wananung'unika: ligi itafurika. Wao wana timu tisa.